Si Kila Udongo Mweusi ni Mboji

Naanza na deni. Mei mwaka jana, mvua zilipokata, wanachuo wanane tulichanga shilingi 30,000 kila mmoja, jumla 240,000, ili tulime mboga kwenye viroba nyuma ya hosteli. Hesabu ilikuwa nyepesi. Bumu likichelewa tunapiga pasi ndefu, na kiangazi kikianza fungu la mchicha hapa Mtwara linapungua ukubwa huku bei ikibaki palepale. Tukilima wenyewe tutakula, na ziada tutawauzia mama ntilie wa getini.

Udongo wa hapa chuoni ni kichanga. Ukimwaga ndoo ya maji, kabla hujaiweka chini yameshapotea. Kwa hiyo tulikubaliana tununue "mboji" ya dukani, ile iliyofungwa vizuri kwenye mfuko wenye picha ya nyanya nyekundu. Tulinunua mifuko kumi, tukajaza viroba, tukapanda mchicha, chainizi na nyanya. Wiki ya kwanza miche ilitoka kwa kusuasua. Wiki ya pili ikawa njano kama imeumwa homa ya manjano. Siku ya kumi na nane tulikuwa na viroba vya majani makavu.

Watu wanane waliopoteza hela huwa wanatafuta mchawi. Sisi tulimpata upesi: dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliyekuwa na zamu ya kumwagilia wiki ile. Tulisema hakumwagilia. Yeye alisema alimwagilia asubuhi na jioni. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu aliandika, "Wenzako wanabeba ndoo, wewe unabeba simu." Dada akatoka kwenye kundi siku hiyohiyo, na akaiacha elfu thelathini yake. Aliyeandika maneno yale ni mimi.

Makala haya yanaeleza jinsi nilivyogundua kwamba kosa lilikuwa la mfuko, si la yule dada. Yanaeleza pia namna ya kuutambua mfuko wa aina hiyo kabla haujala hela yako.

Viroba vitatu vya kijani

Wakati wa kusafisha mabaki niliona kitu ambacho kwa hasira zetu hatukukitazama. Viroba vitatu vya mwisho kwenye mstari vilikuwa na mchicha wa kijani kibichi. Nikakumbuka: mboji ya dukani ilituishia kabla ya kufika pale, tukavijaza vile vitatu kwa mchanganyiko wa kuokotaokota, udongo wa chini ya mwembe na samadi kuukuu ya mbuzi tuliyopewa na jirani.

Sasa fikiria. Ndoo ni ileile, maji ni yaleyale, jua ni lilelile, na mkono uliomwagilia ni uleule. Kilichotofautiana ni kilichokuwa ndani ya kiroba. Kama dada hakumwagilia, kwa nini hivi vitatu vilipona? Mtu yeyote aliyefanya japo jaribio moja la sayansi sekondari alipaswa kuliona hilo. Sisi, wasomi wa chuo, hatukuliona.

Nikaamua kupima. Sina maabara, na mimi si mwanafunzi wa kilimo. Nilikuwa na makopo, mizani ya kuazima dukani kwa Mangi, na mapumziko marefu.

Tulichopima

Nilichukua vitu sita. Majina ya mifuko siyataji, kwa sababu mfuko mmoja mmoja haumhukumu mtengenezaji, na kilichomo leo huenda kesho kikawa kingine. Nitaipa namba tu.

Mfuko wa Kwanza ni tofali la kilo 5 la vumbi la makumbi ya nazi, limekandamizwa, limetoka ng'ambo. Unaliloweka linavimba. Mfuko wa Pili ni ileile "mboji" iliyotuua, kilo 25. Mfuko wa Tatu ni "udongo wa kupandia kila aina ya mmea", lita 20, wa ghali zaidi. Cha Nne si mfuko wa dukani: ni kiroba cha udongo mweusi kutoka kwa kijana anayepita mitaani na toroli, kuanzia Shangani hadi Ligula, akiuza kwa wenye maua. Cha Tano ni kichanga chetu cha chuoni, bila kitu. Cha Sita ni mchanganyiko wetu wa viroba vitatu, safari hii kwa vipimo.

Kila kimoja nilikijaza kwenye makopo matatu, kila kopo mbegu 20 za mchicha kutoka pakiti moja. Makopo kumi na nane, mbegu 360. Niliyapanga kwa kuchanganya ili pasiwe na kundi linalopata kivuli peke yake, na kila kopo lilipata kikombe kilekile cha maji. Mchicha nimeuchagua kwa sababu mbegu yake ni ndogo. Haina akiba ya chakula kama ya harage, hivyo udongo ukiwa na tatizo, yenyewe ndiyo inayolia kwanza.

Kipimo cha ujazo

Kabla ya kupanda nilipima nilichouziwa. Hapa ndipo wengi tunapopigwa, maana mfuko mmoja unauzwa kwa kilo na mwingine kwa lita, na mnunuzi analinganisha bei ya mfuko kwa mfuko.

Mmea hauishi kwenye kilo, unaishi kwenye nafasi. Kiroba cha kupandia kinajazwa kwa ndoo, si kwa mizani. Tena kilo inadanganya, kwa sababu maji nayo yana uzito. Nilichukua kilo moja ya Mfuko wa Pili nikaianika juani siku tatu kwenye sinia. Ilibaki gramu 520. Maana yake karibu nusu ya uzito nilioulipia yalikuwa maji, na maji bombani nilikuwa nayo.

Nikamimina kila mfuko kwenye ndoo ya lita 10 na kuhesabu. Tofali la shilingi 15,000 lilivimba likafika lita 64, sawa na shilingi 234 kwa lita. Mfuko wa Pili wa 7,000 ulitoa lita 42, yaani shilingi 167. Mfuko wa Tatu wa 12,000 uliandikwa lita 20 lakini nilipata 18 na nusu, kwa hiyo kila lita ilinigharimu karibu shilingi 650. Kiroba cha toroli kilikuwa 3,000 kwa lita 50, shilingi 60 tu.

Kama ningekuwa naangalia bei peke yake, ningekimbilia toroli. Subiri.

Kipimo cha maji

Nilitoboa chupa sita matundu sawa chini, nikaweka lita moja ya kila kitu, nikamwaga nusu lita ya maji na kukinga yanayotoka kwa dakika kumi.

Kichanga kiliachia mililita 240. Vumbi la makumbi liliachia 70 tu, likabaki na yaliyosalia. Mfuko wa Tatu uliachia 130, mchanganyiko wetu 160. Mfuko wa Pili ndio ulionishangaza: uliachia 260, zaidi ya mchanga. Nilipoupasua nikaona katikati pakavu kabisa. Ulikuwa na vumbi jingi la mbao, na vumbi la mbao likikauka linakataa maji. Yanateleza pembeni mwa chupa na kutoka chini. Juu panaonekana pamelowa, mizizi iko jangwani.

Kiroba cheusi kilitoa mililita 40, na juu yake maji bado yalikuwa yamesimama kama dimbwi. Mtu anaweza kudhani hiyo ni sifa. Siyo. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo ambao hauachii maji hauna nafasi ya hewa.

Kipimo cha mbegu

Siku ya kumi nilihesabu. Katika mbegu 60 za kila kundi, Mfuko wa Tatu ulikuwa na miche 53, tofali la makumbi 51, mchanganyiko wetu 49, kichanga 38, Mfuko wa Pili 17, na kiroba cheusi 4.

Lakini kuota siyo kukua. Kufikia siku ya ishirini na moja, miche ya kwenye makumbi ilikuwa imesimama pale pale ikiwa na majani mawili, imepauka. Ya Mfuko wa Tatu na ya mchanganyiko wetu ilikuwa imeshatoa majani sita, na kwa macho hukuweza kuzitofautisha. Kati ya ile 17 ya Mfuko wa Pili ilibaki 6, ya njano. Ile minne ya kiroba cheusi ilikuwa imekufa yote.

Tukisema kwa lugha ya matokeo yetu: Mfuko wa Tatu umepita, tofali limepata sapu, Mfuko wa Pili na kiroba cheusi vimedisko.

Kwa nini mboji changa inaua

Sasa tuje kwenye sababu, maana bila sababu utakariri rangi za mifuko na mwakani utapigwa tena.

Mboji ni mabaki ya mimea na wanyama ambayo bakteria na kuvu wameyala mpaka wakayamaliza. Wadudu hawa wadogo wanakula kaboni kwa ajili ya nguvu na naitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao. Lundo zuri linaanza na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mbolea ya kuku ina karibu sehemu 10 kwa moja, yaani naitrojeni nyingi. Vumbi la mbao lina mamia kwa moja, yaani kaboni tupu.

Ukivichanganya ukaviacha miezi kadhaa, ukigeuza na kunyunyizia maji, lundo linapata joto la nyuzi 55 hadi 65, mbegu za magugu na vimelea vingi vinakufa, kisha linapoa lenyewe. Likishapoa, ukaligeuza tena na lisipate joto, hapo limeiva. Linanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza.

Ukivichanganya leo na kuvifunga kwenye mfuko kesho, umeuza vita. Kwanza mbolea ya kuku inatoa amonia, ile harufu inayochoma pua, na amonia inaunguza mizizi michanga. Miche inayonusurika inakutana na janga la pili: bakteria bado wana kaboni tele ya vumbi la mbao na wanatafuta naitrojeni ya kuilia. Ni kama foleni ya kantini siku ya wali nyama. Wanaotangulia wanakula nyama yote, wewe wa nyuma unapewa mchuzi. Mmea ndio wa nyuma. Unakosa naitrojeni ukiwa umekaa juu ya mbolea, na dalili yake ni njano, ikianzia majani ya chini.

Hiyo ndiyo njano tuliyoiona Mei. Nikakumbuka pia kwamba siku tulipofungua ile mifuko kumi, ndani ilikuwa ya vuguvugu. Mmoja wetu alisema, "Oneni, ina nguvu hii!" Tukacheka, tukajaza viroba.

Kwa nini cheusi kilikuwa kibaya zaidi

Kijana wa toroli nilimrudia. Hakuwa na nia mbaya. Aliniambia, "Kaka, mimi nachota kule kwenye mikoko, udongo wake si unauona ulivyo mweusi? Una rutuba ule."

Weusi wa tope la mikoko hautokani na rutuba peke yake. Tope lile linafunikwa na maji ya bahari kila siku, kwa hiyo lina chumvi. Nililikoroga kwa maji ya mvua, nikachuja kwa kitambaa, nikachemsha maji yale kwenye kijiko juu ya jiko mpaka yakakauka. Kijiko kikabaki na ukoko mweupe. Maji ya mvua matupu hayakuacha kitu. Chumvi ikizidi nje ya mzizi, mzizi unashindwa kunyonya maji hata kama udongo umelowa.

Kuna jambo la pili. Tope la mikoko linanuka yai bovu kwa sababu lina salfa iliyojificha mahali pasipo na hewa. Ukilichota na kulianika, hewa inaingia, na salfa ile inageuka kuwa tindikali kali. Tope ambalo baharini linalea kaa na kamba, kwenye kopo la maua linakuwa sumu.

Na hata lingekuwa zuri, si la kuchotwa. Mikoko ya Tanzania ni msitu wa hifadhi, na huku kwetu eneo la Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2000. Mikoko ile ndiyo kitalu cha samaki wanaoishia kwenye sahani zetu Msimbati na Mikindani. Kijana nilimweleza. Alikaa kimya, akauliza, "Sasa niuze nini?" Hilo nitalirudia.

Mji uliozaliwa na udongo usiopimwa

Tusijione wajinga peke yetu. Mji huu wenyewe una kisa cha namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Waliangalia ramani na ukubwa wa ardhi. Udongo wa Kongwa ulipokauka kiangazi ukawa mgumu kama tofali, na mvua hazikuja walivyotegemea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, mamilioni ya pauni yamekwenda. Reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Bandari ndiyo iliyobaki.

Wao walikuwa na matrekta na wataalamu, sisi tulikuwa na elfu 240. Kosa ni lilelile: kuweka hela kwanza, kuuliza udongo baadaye.

Lakini Uingereza hiyohiyo ina mfano mzuri. Miaka ya 1930, watafiti wawili wa taasisi ya John Innes, Lawrence na Newell, walichoshwa na miche iliyokuwa ikifa huku kila mtunza bustani akiwa na mchanganyiko wake wa siri. Walijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine mpaka wakapata kanuni moja ya kuhamishia miche: sehemu 7 za udongo tifutifu uliosafishwa kwa mvuke, sehemu 3 za piti, na sehemu 2 za mchanga, pamoja na mbolea kidogo na chokaa. Hawakuificha. Waliitangaza, na mpaka leo mifuko inauzwa kwa jina hilo.

Piti ni mabaki ya mimea yaliyolala kwenye vinamasi vya nchi za baridi kwa maelfu ya miaka. Kuichimba kunaachia kaboni angani, kwa hiyo huko Ulaya wanatafuta mbadala, na mbadala mmojawapo mkubwa ni vumbi la makumbi ya nazi kutoka India na Sri Lanka. Ndilo lililokuwa kwenye tofali langu. Hapo nilijicheka. Nimekaa pwani ya minazi, makumbi yamejaa nyuma ya kila nyumba, watu wanakokea moto, na mimi nimelipa 15,000 kwa makumbi yaliyovuka bahari!

Mchanganyiko wetu

Kanuni yetu ni hii: ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya samadi ya mbuzi iliyooza, ndoo moja ya vumbi la makumbi. Kila kimoja kina kazi yake. Udongo unatoa uzito na madini, samadi inatoa chakula na wadudu wazuri, makumbi yanashika maji na kuacha hewa. Hata kwa kutumia tofali la kununua na samadi ya shilingi 3,000 kwa kiroba cha lita 50, lita moja ilitugharimu shilingi 74 hivi. Mfuko wa Tatu, uliotushinda kwa miche minne tu, ni karibu mara tisa ya hapo.

Masharti yapo. Vumbi la makumbi ya pwani lina chumvi, hasa kama yaliloweshwa baharini kwa ajili ya usumba. Lioshe kwa maji baridi mara tatu, ukilikamua. Samadi iwe imekaa kivulini miezi mitatu au zaidi. Ukiishika isikupe joto. Ichekeche, maana yetu ilitoa magugu mengi kuliko mifuko yote, na hilo lazima nilikiri.

Udongo usichukue popote. Chini ya mikorosho nakushauri upapite. Mikorosho inapuliziwa salfa ya unga kila msimu kwa ajili ya ubwiriunga, na salfa inayoanguka chini inageuka tindikali, mwaka hadi mwaka. Usichukue pia kwenye tuta lililokuwa na nyanya zilizonyauka, utahamisha mnyauko na minyoo fundo hadi kwenye kiroba chako. Ukiwa na wasiwasi, ulowanishe udongo, uufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, uuache juani wiki nne hadi sita. Jua la Mtwara ni mvuke wa bure.

Ukiwa dukani

Kama huna nafasi ya kuchanganya, nunua, lakini nunua kwa macho. Fanya hivi.

Soma lebo. Mbolea inayouzwa nchini, hata ya asili, inatakiwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Picha ya nyanya siyo lebo. Tafuta kilichomo, kiasi na mtengenezaji.

Omba kufungua mfuko mmoja. Muuzaji mwema atakubali. Nusa: ikichoma pua, acha; ikinuka yai bovu, acha. Ingiza mkono hadi katikati: ikiwa na joto, bado inapikwa.

Kamata ngumi moja, kamua. Likitoka tone moja au mawili ni sawa. Maji yakichuruzika, unalipia maji. Ikiwa kavu na kuruka vumbi, itakataa maji.

Angalia kama unatambua vilivyomo. Mboji iliyoiva huwezi kusema hii ilikuwa randa, hii ilikuwa nyoya. Ukiona randa na manyoya, hicho ni kiporo cha bandani.

Uliza bei kwa lita. Na kabla ya kununua mifuko kumi, nunua mmoja, panda mbegu ishirini kwenye kopo, subiri siku kumi. Siku kumi ni chache kuliko muhula mzima wa kununiana.

Deni

Kijana wa toroli siku hizi anauza samadi iliyochekechwa na vumbi la makumbi anayoyaokota kwa wakamua nazi sokoni. Bei yake imepanda, wateja wa maua hawajamkimbia.

Yule dada nilimfuata mwenyewe, bila kundi. Nilibeba makopo mawili, la Mfuko wa Pili na la mchanganyiko wetu, na daftari la hesabu. Nilimweleza yote kuanzia viroba vitatu vya kijani, nikamwomba radhi, nikamrudishia elfu thelathini yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama yale makopo.

"Kaka," akasema, "mimi si nilikwambia maji niliweka? Ulihitaji makopo kumi na nane ndiyo uniamini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Hela alipokea. Kwenye kundi hajarudi, ila Jumamosi mbili zilizopita alikuja nyuma ya hosteli na kopo lake mwenyewe, akataka mbegu ishirini. Alikuwa amenunua mfuko mahali, na hakutaka kuuamini kabla hajauona.

Nasi tupo pale kila Jumamosi saa mbili asubuhi. Ukiwa na mfuko unaoutilia shaka, njoo na ngumi moja yake. Makopo tunayo.